Nichagulie wimbo wa kumpelekea

Mtu akiniomba nimchagulie wimbo wa mapenzi, simuulizi anapenda muziki wa aina gani. Namuuliza huyo mpenzi wake yuko wapi. Yupo nyumbani? Yuko Maskati kikazi? Bado hajaambiwa kitu? Keshaolewa na mwingine? Ameshatangulia mbele ya haki? Nikishalijua hilo ndipo naanza kufikiria Kairo, Bamako, Mombasa au Havana.

Swali hili nimelirithi kwa mjomba wangu, aliyekuwa na kibanda cha kurekodi kanda Ngamiani, Tanga. Nilianza pale nikiwa bado nasoma. Nikitoka shule napanga kanda kwenye rafu, na kuandika majina ya nyimbo kwenye zile karatasi za ndani kwa mwandiko mdogo. Mteja alikuja na kanda tupu ya dakika 60 au 90, akaacha orodha yake, akirudi jioni anakuta mseto wake tayari. Wenye orodha hawakutusumbua. Kazi ilikuwa kwa wale waliosema, "Mjomba, nichagulie wewe, ni za kumpelekea mtu."

Mjomba alikuwa na sheria moja aliyoisimamia kuliko zote: wimbo wa kumpelekea mtu hautoki dukani kabla hatujajua unasema nini. Nyimbo za Kihindi tulizipeleka kwa mzee mmoja mwenye duka la vitambaa. Za Kiarabu kwa ustadhi wa jirani aliyewahi kusoma Misri. Za Kilingala kwa kinyozi aliyetoka Kongo. Mimi ndiye niliyetumwa. Nabeba redio ndogo na daftari, nakaa barazani, mtu anasikiliza kipande, ananiambia kwa Kiswahili, naandika. Ustadhi alikuwa akifika kwenye maneno mazito ananyamaza kwanza, anasikiliza tena, kisha ananieleza taratibu kama anayefasiri shairi la kale, na kwa kweli ndicho alichokuwa akifanya. Daftari zile ninazo mpaka leo. Kanda zimekwenda, CD zimekuja zikaenda, tukarusha nyimbo kwenye memori kadi za simu, sasa naombwa kwa WhatsApp, na bado nazifungua daftari zile.

Wimbo uliokuwa ukiombwa kila mara ni "Malaika". Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nani hasa aliutunga ni ubishi uliodumu miaka mingi, maana Adam Salim naye alisema ni wake. Miriam Makeba aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya 1965, na Boney M wakaja nao mwaka 1981. Kwa kuwa sauti yake ni laini, watu wanauchukulia kuwa wimbo wa sherehe, wa kukata keki. Lakini ukisikiliza, aliyemo mle ni kijana asiyekuwa na mali ya kuolea. Anampenda binti, angemwoa, uwezo hana, na hana ahadi ya kutoa isipokuwa kusema ukweli wake. Huu ni wimbo wa mahari.

Kwa hiyo tuliupa kazi yake. Alikuja fundi seremala mmoja, kijana wa heshima, mchumba wake yuko Pangani, na wazee wa binti walikuwa wametaja kiasi ambacho hakukiona njia ya kukipata mwaka ule. Barua alishindwa kuiandika. Mjomba akauweka "Malaika" wa kwanza kabisa, upande A, na akachagua ule wa Fadhili William mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini asimpe wa Makeba, maana mimi nilimpenda Makeba. Akanijibu kwamba Makeba anauimba kwa ukumbi mzima uliokaa kimya kumsikiliza, na huyu kijana anataka kusikika kama mtu aliyesimama mlangoni mwa watu. Mpaka leo ninapompa mtu wimbo wenye waimbaji wengi, huwa naanza na hapo: nani kati yao anaimba akiwa katika hali ya huyu anayeutuma?

Harusini ndiko maneno yanakopuuzwa zaidi. Chukua "Sina Makosa" wa Les Wanyika. Watu wa Tanga tunauona kama wa nyumbani, kwa sababu ukoo wa bendi hizo za Wanyika unaanzia kwetu. Wilson na George Kinyonga walianzia Tanga kabla ya kwenda Arusha, kisha Nairobi, wakaunda Simba Wanyika, na mwaka 1978 sehemu ya wanamuziki wakajitenga wakawa Les Wanyika. Lile besi la Tom Malanga likianza, hakuna anayebaki kwenye kiti. Ni muziki mtamu mno, nami naupenda kwa moyo wote. Ila mle ndani kuna mwanamume anamwambia mwanamume mwenzake kwamba kila mmoja wao ana wake nyumbani, na huyu mwanamke wanayegombania si wa huyu wala wa yule, sasa chuki ya nini. Niliwahi kuombwa niuweke wakati bibi harusi anaingia ukumbini. Nikamwomba shangazi wa bwana harusi akae nami, tuusikilize neno kwa neno. Akasema, "Mwanangu, huu wataucheza wakishashiba." Na ndivyo ilivyokuwa, ukapigwa baada ya chakula, na ukumbi ukafurahi.

Wazungu nao wana habari kama hiyo. "I Will Always Love You", ambao Whitney Houston aliufikisha duniani kote mwaka 1992, aliutunga Dolly Parton alipokuwa akiagana kikazi na Porter Wagoner, mtu aliyemwinua katika muziki. Ni wimbo wa kuondoka, wa kumtakia mwenzako heri huku umeshashika mzigo wako. "Every Breath You Take" wa The Police wa mwaka 1983 ni wa mtu anayemchunga mwenzake kwa kila hatua, na Sting aliyeutunga ameshasema mwenyewe kwamba si wimbo wa upole. Franco wa Kongo naye ana "Mario" wa 1985, uliowapa watu wetu hata jina la kumwita kijana anayelelewa na mwanamke mwenye pesa. Kijana mmoja aliuomba aupeleke kwa mchumba wake, kwa sababu tu ni Kilingala na unapigwa kila mahali. Kinyozi wetu alimweleza maana yake kwa dakika chache, akabadilisha ombi palepale.

Kwa harusi yenyewe mimi natoa nyimbo ambazo maneno yake yanafanya kazi ya harusi. "Nitafanya", Kidum wa Burundi akiwa na Lady Jaydee wetu, kwa sababu sauti mbili zinaahidiana, na harusi ni ahadi ya watu wawili. "Sondela" wa Ringo Madlingozi wa Afrika Kusini kwa mwendo wa taratibu wa maharusi. "African Queen" wa 2Baba, wa mwaka 2004, kama bwana harusi ni mtu wa kusifu waziwazi. Mengine MC anayajua kuliko mimi.

Nataka nikae zaidi Misri, maana huko ndiko nilikojifunza kumpa mtu wimbo mrefu.

Bibi mmoja wa Chumbageni alikuwa ameolewa upya katika umri ambao wengi walidhani habari hizo zimekwisha. Mumewe ndiye aliyekuja dukani, mtu mzima mwenye kanzu na kofia ya kiua, akasema anataka kumpa mkewe kanda, na hataki za vijana. Nikamwamkia, mjomba akamuuliza maswali yake, yule mzee akajibu bila haya. Kila mmoja wao alikuwa ameshazika mwenza. Walikuwa wakifahamiana tangu ujana na maisha yakawapitisha njia mbali mbali. Mjomba hakutafuta, akanyoosha mkono akatoa "Enta Omri" ya Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri.

Wimbo huu uliimbwa kwa mara ya kwanza Februari 1964. Maneno ni ya Ahmed Shafiq Kamel, muziki ni wa Mohammed Abdel Wahab, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa wakubwa hao wawili, Umm Kulthum na Abdel Wahab, kufanya kazi pamoja, hata Wamisri wakauita mkutano wa mawingu. Ustadhi alinisomea maneno yake nikaandika hivi kwa ufupi: kabla macho yangu hayajakuona, niliyoyaishi yote yalipotea bure, watayahesabu vipi kuwa ni umri wangu? Sasa mtu wa miaka ishirini na kitu akiambiwa hivyo ataona ni sifa tu. Mpe aliyekaa miaka yote ile na ndoa nyingine, na msiba, na watoto waliokwisha kuoa, kisha amempata huyu, utaona namna anavyotulia. Hapo kila neno lina uzito wake.

Kuurekodi ilikuwa kazi yake peke yake. Unachukua kama saa nzima jukwaani, na kanda ya dakika 90 ina 45 kila upande. Lazima ukatwe, na ukikata vibaya umeuvunja. Mjomba aliusikiliza mpaka pale anapomaliza kipande, watu ukumbini wanapiga kelele za furaha, na ala zinaanza kujipanga upya. Pale ndipo alipobonyeza kitufe, akageuza kanda, akaanza upande B na ala peke yake, ili msikilizaji akigeuza kanda nyumbani aingizwe tena polepole. Alipomaliza akavunja vile vijino viwili vya juu ya kanda, mtu asije akarekodi kitu juu yake kwa bahati mbaya. Kanda za biashara ya kawaida hakuzivunja meno. Hiyo aliivunja.

Anayeusikiliza kwa mara ya kwanza namwambia asisubiri sauti ije haraka. Kuna dakika nyingi za ala kabla hajafungua kinywa, na ndani yake kuna gitaa la umeme, jambo lililowashangaza watu wakati ule, likiwa katikati ya fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Halafu akianza, sentensi moja anairudia mara kadhaa, na kila mara anaigeuza, wasikilizaji wanamwitikia, naye anawarudishia. Alikuwa akiimba Alhamisi ya kwanza ya mwezi na redio ya Kairo ikirusha, na watu nchi za Kiarabu wakikaa kumsikiliza usiku ule. Huu si wimbo wa kuweka huku unaosha vyombo. Kama mtu ninayemchagulia hana saa moja ya kukaa, namwacha mpaka aipate.

Mwaka 1966 Umm Kulthum aliimba "El Atlal", shairi la Ibrahim Nagi aliyekuwa daktari wa tiba, muziki wa Riad al-Sunbati. Huo ni wa mapenzi yaliyokwisha, ya mtu anayetazama magofu na kuomba aachiliwe mikono yake. Wengi wanauona mkubwa kuliko wote aliouimba, nami nakubaliana nao. Lakini simpi aliyeachwa wiki iliyopita. Nampa aliyeachwa zamani na sasa anaweza kuyazungumza.

Watu wa pwani hawahitaji kuambiwa kwamba sauti hizi zinatuhusu. Ikhwani Safaa ya Unguja ilianzishwa 1905, na fidla, udi na kanuni za Kairo zimo katika taarabu yetu tangu zamani. Ndiyo maana mtu akishaingia kwa Umm Kulthum, wa kumfuatishia si Mwarabu mwingine. Ni Shakila. Shakila Said aliimba Tanga na Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoibadilisha taarabu kwa magitaa na kuifanya fupi, ya kuchezeka, bila kuipunguzia maneno. "Macho Yanacheka" ni wimbo wa mtu anayekaa na watu, anacheka nao, na moyoni analia. Alifariki 2016, na siku zile niliwatumia watu wengi sauti yake, wengine vijana ambao hawakuwahi kulisikia jina lake. Sijui nchi nyingine yenye wimbo unaosema hali hiyo kwa ustaarabu kama huo. Kuna wanawake walioununua kwetu bila kusema neno moja kuhusu nyumba zao, na mjomba hakuwauliza lile swali lake. Aliwapa kanda, akawatakia kheri.

Mombasa alikuwepo Juma Bhalo, aliyefariki 2014, aliyetia maneno ya Kimvita, mazito na yenye vina, juu ya midundo ya Kihindi. Kwa miaka mingi watu wetu walikwenda sinema za Kihindi, wakatoka wanaimba, na maneno hawayajui. Bhalo akawapa maneno. Kwa msikilizaji wa Kiswahili anayetaka kuanza safari ya nyimbo za Kihindi, naanza na Bhalo, nikishamaliza naye ndipo nampeleka kwa Lata Mangeshkar, mwimbaji wa sinema za Kihindi.

Kwa Lata nina nyimbo mbili ninazozitoa kwa uangalifu. Ya kwanza ni "Lag Ja Gale", ya filamu ya "Woh Kaun Thi?" ya 1964, muziki wa Madan Mohan. Mwanamke anamwambia mpenzi wake amkumbatie sasa, kwa kuwa huenda usiku huu mzuri usirudi, huenda katika maisha haya wasikutane tena. Inadumu dakika chache tu, na haina kelele hata kidogo. Hii ni ya aliye safarini kesho. Nimewapa wengi waliokuwa wakiagana na watu wa Oman na Dubai, kipindi ambacho kusafiri kulikuwa kunamaanisha miaka, simu ni ghali na barua inachelewa.

Jambo lililonishangaza ni kwamba Mexico kuna mwanamke aliyesema jambo hilohilo. Consuelo Velázquez alitunga "Bésame Mucho" akiwa binti mdogo, na alisimulia kwamba wakati ule hakuwa amewahi kubusiwa. Nibusu sana, kama kwamba usiku huu ni wa mwisho, maana naogopa kukupoteza. Mmoja anaimba bolero, wimbo wa mapenzi wa taratibu, mwingine Kihindi cha sinema, mmoja anataka busu, mwingine kumbatio, na hofu ni ileile. Ninapompa mtu moja ya hizo, kwa kawaida namwongezea ya pili, asikilize moja baada ya nyingine. Bolero lenyewe lilizaliwa Kuba likakulia Mexico, na mwaka 2023 UNESCO waliliingiza katika orodha ya urithi wa nchi hizo mbili. Mwenye kupenda sauti ya wazee atafute "Dos Gardenias" ya Isolina Carrillo kama alivyoiimba Ibrahim Ferrer na Buena Vista Social Club. Mtu anatoa maua mawili na kuonya kwamba yakifa ni kwa kuwa yamegundua kuna mwingine.

Wimbo wa pili wa Lata ni "Pyar Kiya To Darna Kya" wa "Mughal-e-Azam", filamu ya mwaka 1960. Anarkali, mcheza ngoma wa kasri, anaimba mbele ya mfalme Akbar kwamba amependa, hakuiba, aogope nini? Filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na kwa wimbo huu inageuka kuwa ya rangi, vioo vya ukumbi vikimwonyesha Anarkali kila upande. Inasimuliwa kwamba mtunzi wa muziki, Naushad, alimwimbisha Lata bafuni kwenye studio ili sauti ipate mwangwi, kwani mitambo ya kuutengeneza haikuwepo. Alikuja binti mmoja dukani, baba yake amekataa mchumba kwa sababu ya kabila, akauomba huo. Mzee wa vitambaa alikuwa ameshatueleza maneno yake, na mimi nikasita kuutoa, kwa kuwa nilimjua baba mtu. Mjomba akasema binti hakuja kuomba ruhusa ya kutoroka, amekuja kuomba ujasiri wa kuzungumza na mzazi wake. Akaupata wimbo. Baadaye wazee wa pande zote mbili walikaa, wakasemezana, ndoa ikafungwa. Siwezi kusema wimbo ndio uliofanya hivyo. Najua tu kwamba alizungumza.

Kongo ningeweza kuizungumza mpaka asubuhi, kwa hiyo nitataja mmoja. "Marie-Louise" wa Wendo Kolosoy, uliorekodiwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1948, na gitaa la Henri Bowane. Ilivumishwa kuwa ukipigwa usiku wa manane unaamsha wafu, na wamisionari wakauchukia. Wimbo wa kumpenda msichana tu, na ukaogopwa na kanisa! Nampa mtu anayesema rumba ya zamani inamchosha. Akiusikiliza aangalie gitaa la Bowane linavyomkatiza mwimbaji na kumhimiza. Mengi yaliyokuja baadaye, kwa Franco na kwa Tabu Ley, mbegu zake zimo mle. Santuri za Kuba zilikuwa zimeshafika Kongo kwa wingi tangu miaka ya 1930, na watu wa pale wakazisikia kama kitu chao kilichorudi nyumbani.

Kwa waliooana siku nyingi, wakapitia magumu pamoja, mimi huwaletea watu wawili wa Mali. Amadou Bagayoko na Mariam Doumbia walikutana katika taasisi ya vijana wasioona mjini Bamako, wakaoana 1980, wakaimba pamoja maisha yao yote. "Je pense à toi" ni Kifaransa rahisi sana, nakuwaza wewe, usiniache, na gitaa la Amadou linatembea polepole chini yake. Hakuna picha za maua wala mwezi. Anasema anachohisi, basi. Amadou alifariki Aprili 2025. Tangu hapo nimewapa wajane wawili watatu wimbo huo, na nawaambia wazi kwamba mwimbaji naye ameshakwenda, wausikilize wakiwa na habari hiyo.

Habari ya wajane naichukulia kwa uzito. Watu huwa wanapendekeza "Hymne à l'amour" ya Édith Piaf, ile Céline Dion aliyoiimba Paris kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya 2024. Piaf aliiandika kwa ajili ya bondia Marcel Cerdan, akaimba New York mwaka 1949, na Oktoba ya mwaka huohuo Cerdan akafa katika ajali ya ndege akienda kumwona. Maneno yanasema ukifa nami nitakufa, tutakuwa na milele yetu. Ni wimbo mkubwa. Lakini mtu aliyefiwa juzi simpi wimbo unaomwambia afe. Namuuliza marehemu alikuwa anapenda nini, nampa hicho, hata kiwe cha kucheza. Mama mmoja alinijibu kwamba mumewe alikuwa akipenda Don Williams, nikamtafutia "You're My Best Friend" wa mwaka 1975, wimbo wa mume anayemshukuru mkewe kwa mambo ya kila siku. Akaniambia hakujua kwamba maneno yake ni hayo, na kwamba mumewe alikuwa akimpigia kila Jumapili asubuhi. Kiingereza hakuwa nacho. Tulikaa naye mpaka tukaumaliza mstari kwa mstari, na mengine hayo ni yake.

Za vijana wetu wa Bongo Fleva sizitaji sana kwa kuwa zinajitaja zenyewe redioni na kwenye simu. Nitasema tu kwamba "Cinderella" ya Ali Kiba ya 2007 bado naitoa, na bado inafanya kazi.

Jambo moja la kiufundi, kwa sababu naona linakosewa sana sasa hivi. Usimtumie mtu orodha ya nyimbo thelathini. Siku za kanda kila dakika ilikuwa na bei, na tulifikiria kila wimbo. Tuma mmoja. Uanze kwa kumwambia kwa sauti yako unasema nini, kama hajui lugha, na umwonyeshe mahali pa kusikiliza: "Ngoja gitaa linapoingia", "Sikiliza anavyorudia mara ya tatu". Kisha mwache. Usimuulize baada ya dakika tano kama ameupenda.

Juzi kijana mmoja wa bodaboda, ambaye mimi ni abiria wake wa kila siku, alisimamisha pikipiki kabla hatujafika na kuniambia ana mtu, na hajamwambia. Wanaonana kila asubuhi stendi, wanasalimiana, basi. Nikamfikiria Oumou Sangaré, dada mwimbaji wa Wassoulou, Mali, aliyetoa albamu yake ya kwanza akiwa bado binti, na "Diaraby Nene" mle ndani: mwanamke anausema mtetemeko wa mapenzi mwilini mwake, mbele ya jamii ambayo ilitaka mambo hayo yanyamaziwe. Nikamtumia, nikamweleza maneno, nikamwambia asiutume mpaka awe tayari kueleza na yeye kwa nini. Jana jioni kaniandikia kwamba ameshautuma, pamoja na sauti yake ya dakika moja. Nimemwambia akijibiwa aje, vyovyote jibu litakavyokuwa, maana wimbo wa kufuata ni mwingine kabisa, na kwa majibu yote mawili nimeshamwekea.